Chura Anavaa Njano

2 Machi

Wifi yangu,

Kama umesimama na kopo mkononi, liweke chini kwanza, nisije nikalaumiwa kwa kumwagisha rangi ya watu.

Chura anarudi barabarani!

Yaani bado, lakini mguu mmoja umeshatangulia. Ile shule ninayoishonea sare inatafuta gari la nne la kubeba watoto. Mwalimu Mkuu kaniambia mwenyewe nikiwa nampima kiuno, anataka sketi mpya. Akasema, "Mama Chura, lile gari la marehemu mumeo si lipo tu hapo uani?" Nikajichoma pini. Nikasema lipo. Akasema nilipeleke Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, alikague. Injini nzima, breki nzima, dereva mwenye leseni, na rangi iwe njano kama magari yao mengine matatu. Njano ileile, sio binamu yake. Nikichelewa, kuna bwana mmoja ana basi dogo jipya, hakosi kupita pale ofisini kuulizia.

Injini Mzee wa Pancha hapa jirani kaiamsha, imekohoa kidogo kisha ikatulia kunguruma vizuri kama mtoto aliyeshiba. Breki kazifanya. Leseni, wifi, ninayo. Usinifokee, nilijifunza kimyakimya, nikasema nikishindwa asijue mtu. Kilichobaki ni rangi tu.

Na hapo ndipo unapoingia wewe. Hivi mtu mwenye wifi anayechanganya rangi za magari aende kwa nani mwingine? Nataka kupuliza mwenyewe, hapahapa uani. Nakusikia unacheka. Cheka, ukimaliza unisikilize. Mkono wangu hautetemeki, nashona mstari bila chaki. Kompresa ya kusukuma upepo Mzee wa Pancha ataniazima, na ile bunduki ya kupulizia aliyoacha kaka yako bado imefungwa kwenye kitambaa chake, safi.

Tangu kaka yako atutoke nimekuwa nikiishi kwa zipu na mapindo. Watu siku hizi hawashonewi, wananunua zilizoshonwa tayari, ukiacha hizo sare chache mimi naletewa suruali za kukatwa. Kazi hii nikiipata wanangu watapanda gari la mama yao kwenda shule, na mimi nitalala usingizi wa mtu mzima. Nikiikosa sina nyingine ninayoiona.

Sasa rangi yenyewe. Nilibeba nyuzi zangu zote za njano mpaka shuleni, nikaziweka moja moja ubavuni mwa gari lao, juani, dereva wao ananitazama akidhani nimepagawa. Huu niliokubandikia hapa chini ndio wenyewe. Changanya kama huu, unitumie kwa basi. Na uniandikie, usipige simu. Simuni wewe hukata kabla sijamaliza, na mambo ya vipimo nataka niyabandike ukutani.

Wifi yako,
fundi cherehani na fundi rangi mtarajiwa


6 Machi

Wifi yangu mimi,

Barua nimeisomea stoo, mlango nimefunga, wenzangu dukani wakadhani nimepata mchumba. Niliposoma leseni nikapiga kelele, wakawa na uhakika. Una siri wewe kama mfuko wa ndani wa koti! Hongera sana. Kaka angejua umeendesha bila yeye kukushikia usukani angesusa chakula.

Uzi nimeupata. Ni njano nzuri.

Ila njano ina makuu yake, wifi. Ile yenyewe tunayochanganyia imetuishia hapa dukani, tunangojea mzigo. Halafu nikuulize, lazima gari zima? Haiwezekani ukapiga mstari mpana wa njano ubavuni, huku na huku, kijani kikabaki? Ungemwuliza Mwalimu Mkuu. Mstari unapendeza, unaonekana mbali.

Nauliza tu. Kile kijani huwezi kukipata tena popote, hakina namba kwenye kitabu chochote. Nilikichanganya mimi nikiwa bado najifunza hapa, kazi yangu ya kwanza bila kusimamiwa, na kaka amesimama nyuma yangu anapiga domo, "Ongeza, dada, ongeza, mpaka chura wa kweli aone wivu." Mwenye duka akatoka kuangalia nani anapiga kelele. Kaka akalipuliza gari lake hivyohivyo na akaandika CHURA mlangoni kwa mkono wake. Basi. Sisemi kitu.

Tukingojea mzigo, wewe sugua. Wengi wanadhani kazi ni kupuliza, kumbe kazi ni msasa. Osha gari kwa sabuni, lipanguse kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, usiache hata alama ya kidole chenye mafuta. Penye kutu kwangua mpaka uone bati, paka puti ya kujazia mashimo, ikikauka sugua, piga praima ya kijivu hapo, ile rangi ya msingi. Kisha gari zima kwa msasa laini na maji, mpaka mng'ao uondoke kabisa. Rangi mpya haishiki kwenye mng'ao. Usikimbilie. Gari haliozi kwa wiki moja.

Wasalimie wanangu.

Wifi yako wa makopo


12 Machi

Wewe wifi wewe,

Nimemwuliza Mwalimu Mkuu kuhusu mstari. Alinitazama juu ya miwani kama nimeomba kushona sare yenye mikono mitatu. Njano, Mama Chura. Yote.

Basi nimesugua! Nimesugua mpaka ndotoni. Vidole vyangu vimelainika havishiki sindano, jana nimetunga uzi kwa kusukuma na ulimi. Wanangu wamesugua bampa, mdogo kasugua na viatu vyake, sijui alitumwa na nani. Mzee wa Pancha analeta kiti chake kila asubuhi anakaa langoni kunishauri. Hajawahi kupaka rangi hata mlango wa choo, lakini ushauri anao wa kumwaga. Leo kaniambia, "Mama Chura, gari limepauka, limekuwa kama limesikia habari mbaya." Nikamwambia subiri lisikie nzuri.

Na nimejifunza kupuliza! Nilijaza bunduki maji yaliyotiwa bluu ya kufulia, nikapuliza mabati ya uzio. Mara ya kwanza nilisimama mahali pamoja, maji yakatiririka kama machozi. Mara ya pili nilikwenda mbio, yakawa madoa. Halafu nikaelewa, wifi! Ni pasi! Ni kupiga pasi tu. Mkono unaanza kwenda kabla hujagusa nguo, unapita sawasawa, na unaondoka nje ya nguo ndipo unasimama. Ukisimama katikati umeunguza. Nilipiga kelele peke yangu uani. Nimepuliza uzio mzima, majirani wanafikiri nafungua kanisa.

Mlango wa dereva nimeuacha wa mwisho. Bado haujaguswa. Kila nikifika pale nakumbuka kuna kitu kinaungua jikoni.

Sasa njano. Duka la rangi kuishiwa njano ni sawa na mshonaji kuishiwa uzi mweupe. Nakujua, wifi. Siulizi. Lakini siku zinakwenda, na yule bwana wa basi dogo kaonekana tena jana, kavaa suti, joto lote hili. Tuma.

Fundi cherehani


15 Machi

Wifi,

Kopo hili hapa. Mzigo umefika, haya.

Nikwambie ukweli, nilipolifungua nilikuwa nimenuna, na nilipomaliza nilikuwa nacheka peke yangu. Huo uzi wako umenitesa! Uzi mmoja ni laghai. Ukiulaza ni njano, ukiusimamisha ni chungwa, ukiupeleka dirishani ni kitu kingine. Nikauzungusha kwenye kijiti cha kiberiti, nyuzi zimebanana mpaka ukawa kama kigae kidogo cha njano. Hapo ukanyooka. Nikaanza na njano kali, nikaweka nyeupe ikapoa, nikaweka nyekundu tone. Tone moja likizidi shule yenu inapata basi la machungwa. Likazidi. Nikarudi nyuma, njano tena, nyeupe tena. Bado kuna kitu kinapiga kelele. Nikachovya ncha ya msumari kwenye nyeusi, ncha tu, nikakoroga, na njano ikatulia ikawa ya kazi. Mwenzangu akasema, "Umeweka nyeusi kwenye njano?" Nikamwambia kaa pembeni.

Lakini usiitazame ikiwa mbichi ndani ya kopo ukakata tamaa. Rangi mbichi ni rangi nyingine. Mimi nilipaka kwenye vifuniko vya makopo, nikavianika juani mpaka vikauke, ndipo nikavisogeza kwenye uzi. Kwenye cha mwisho niliutafuta uzi ulipo nisiuone. Nilifurahi kama mjinga.

Sasa bandika hii ukutani.

Koroga kutoka chini, rangi nzito hulala. Kisha pima kwenye chombo kimoja, rangi vipimo viwili na dawa ya kukaushia kipimo kimoja, usikadirie kwa jicho, hii sio chumvi. Ongeza tina kidogo kidogo. Inua kijiti uangalie inavyodondoka, kama ni uji bado, kama ni maji umezidisha, unataka maziwa. Chuja kwa soksi ndefu ya kike, ile iliyochanika usiitupe. Changanya ya kupuliza mara moja tu. Dawa ikishaingia haingoji mtu, ikigandia ndani ya bunduki ya kaka nitakuja kukuchapa.

Mwaga maji uani vumbi lilale. Asubuhi, kabla upepo haujaamka. Vaa barakoa hiyo ninayotuma, yenye makopo mawili ya pembeni. Sio kitambaa, wifi, ile dawa inakula mapafu. Watoto na Mzee wa Pancha na kiti chake wakae mbali. Puliza nyembamba, ngoja mpaka ukigusa kwenye karatasi uliyofunikia vioo isinate, ndipo puliza tena.

Ni hayo tu.

Wifi yako wa makopo


20 Machi

Wifi, nimeharibu.

Nakuandikia na mikono ya njano, karatasi utaiona ilivyo. Ila sio njano. Hata sijui niite nini. Ndizi iliyokataa kuiva. Na pale nilipopiga praima ya kijivu imetoka ya tope, kwa hiyo Chura ana mabaka, mbavuni tope, mgongoni ukijani, puani ndio kidogo panafanana na njano. Mzee wa Pancha alivua kofia. Hakunishauri chochote, na hapo ndipo niliogopa.

Nilifuata kila mstari uliouandika. Nilikoroga, nilipima, nilichuja, ilidondoka maziwa kabisa. Mkono ulikwenda vizuri, wifi, nilikuwa na furaha mpaka naimba ndani ya barakoa! Mpako wa kwanza nikaona kijani kinachungulia, nikasema ni kawaida. Wa pili, kinachungulia. Wa tatu nikaongeza unene, ikatiririka mlango wa nyuma. Wa nne nikaacha kuimba. Rangi nimemaliza zaidi ya nusu kopo na gari bado linaniambia nilikuwa kijani na kijani nitabaki.

Kaka yako kakataa kufunikwa. Nilisema hivyo kwa sauti, nikacheka, halafu nikakaa chini kwenye tope uani nikalia. Aliishi akibisha, hata akiwa hayupo anabisha.

Nina hofu, wifi. Ijumaa ya ukaguzi ni wiki ijayo. Nimeshawaambia watu. Nimeshamwambia mwanangu mkubwa atakaa kiti cha mbele. Yule wa suti gari lake ni jipya, atalipeleka kwa fundi mkubwa na litatoka njano kama jua. Mimi nitapeleka nini, ugonjwa?

Nimekosea wapi? Je, vipimo? Uzi? Au mimi tu si mtu wa kazi hii? Niambie kweli, na unijibu kwa basi hilihili likirudi. Mlango wa dereva sijaupuliza, bado nimeufunika magazeti.

Fundi cherehani


21 Machi

Wifi yangu,

Wewe fundi cherehani. Mteja akitaka gauni la njano jepesi, ungemwacha alivae juu ya shimizi la kijani?

Chini ya njano huwekwa nyeupe. Gari zima, kuanzia puani hadi mkiani, nyeupe pe, ndipo njano. Njano ni rangi dhaifu, inaonyesha chochote kilichoko chini. Hukukosea vipimo wala mkono. Mtu anayefikia kuimba na bunduki mkononi kwenye gari lake la kwanza, huyo ni fundi.

Aliyekosea ni mimi. Kila anayechanganya rangi analijua hili la nyeupe. Kwenye barua ile nililiandika, wifi. Nikalisoma, nikachana karatasi, nikaandika upya bila mstari huo. Nilijiambia njano ikigoma labda Mwalimu Mkuu atakubali mstari, na kijani kitabaki. Sikufikiria kazi yako. Sikuwafikiria watoto. Nilikuwa nafikiria mlango mmoja tu, na maandishi yake.

Nilipofika pale ulipokaa kwenye tope sikuweza kuendelea kusoma. Unikasirikie, una haki zote. Ukitaka kunitukana tunza matusi, nakuja kuyachukua mwenyewe.

Nimeomba ruhusa. Natua na basi la Jumamosi. Nakuja na nyeupe, na njano nyingine, ileile ya uzi, tayari nimeichanganya. Wewe sugua mitiririko ya mlango wa nyuma mpaka iwe sawa. Mlango wa dereva usiuguse. Huo niachie mimi.

Mwambie Mzee wa Pancha anipishe kwenye kiti.

Wifi yako


29 Machi, Ijumaa

WIFI!

Herufi kubwa zote hizo ni zako. Tumepita!

Ngoja nianze mwanzo, maana ulipanda basi ukaniacha na roho mkononi.

Asubuhi nimelitoa uani kinyumenyume, Mzee wa Pancha anaongoza kwa mikono miwili kama anatua ndege. Barabara nzima imetoka. Mama wa duka la mkaa kasema, "Hilo ni gari la nani?" Wanawe wakamwambia ni Chura. Akasema, "Muongo!" Nikapiga honi, na honi ndiyo kitu pekee hatukukirekebisha, ikalia vilevile kama mtu amekanyagwa, hapo akaamini.

Shuleni nimewekwa kwenye mstari, magari yao matatu, na mimi wa nne. Yule wa suti alikuwepo pia, kaleta lake. Limepakwa na fundi mkubwa kweli, linang'aa unajiona meno. Lakini wifi, ni njano ya limau! Wamechagua kwenye kitabu cha rangi, wakasema njano ni njano. Likisimama peke yake ni zuri, sikatai. Likisimama na wenzake ni kama mgeni wa arusi aliyekosea nyumba.

Mwalimu Mkuu kapita taratibu. Kaingiza kidole chini ya bampa. Kafungua milango yote, kafunga, kafungua. Akarudi mwisho wa uwanja, akafumba jicho moja. Mimi jasho linanitoka mpaka kwenye soksi. Akamwita dereva wa gari la kwanza, akamwuliza, "Lipi ni la Mama Chura?" Dereva akaangalia, akaangalia, akaonyesha la tatu. La tatu ni la shule!

Nilipiga kigelegele palepale, wifi, mbele ya wanafunzi waliopanga foleni ya maji. Sikujizuia na wala sijuti.

Halafu akaja mpaka mlango wa dereva. Akaweka kiganja pale. Akasema, "Hapa palikuwa na jina." Nikasema palikuwa, Mwalimu. Mumewe naye ni marehemu, nadhani unajua. Akasema Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, usichelewe.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikukwambia ukiwa hapa. Jumamosi ile ulipofika nilikuwa nimekuandalia matusi, nimeyapanga vizuri tangu barua yako. Ukashuka na makopo yako, hukula, hukunywa, ukaenda moja kwa moja kwenye ule mlango, ukabandua magazeti. Ukasimama pale na msasa mkononi muda mrefu hadi nikaogopa kukukaribia. Nikajua utaniambia haiwezekani. Mara nikasikia unacheka. "Angalia," ukasema, "angalia huyu mtu! C-H-U-R amezichora kubwa kama nyumba, nafasi ikamwishia, A ikabidi aibane pembeni kama abiria wa mwisho." Miaka yote hiyo nimeuona mlango ule na sikuwahi kugundua. Ukaanza kusugua huku unacheka na machozi yanakudondoka kwenye msasa wa maji, ukasema afadhali, yanasaidia kazi. Matusi yangu yote yaliniishia. Sikuyapata tena mpaka leo, na nimeacha kuyatafuta.

Na dereva wa gari la kwanza kanifuata wakati natoka. Anauliza nilipeleka kwa fundi gani, kwa sababu yao yamechubuka. Nimemwambia kwa mawifi wawili.

Wako,
dereva


4 Aprili

Dereva,

Barua yako nimeisoma mbele ya watu wote dukani, safari hii mlango wazi. Njano ya limau! Mwenye duka kacheka mpaka kakohoa. Kisha akauliza uzi uko wapi. Nimemwonyesha kijiti, bado ninacho mfukoni mwa aproni.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu nilikuwa macho, nimeshika kikombe, nakuwaza. Nikasema sasa hivi anawasha. Sasa hivi anakata kona. Chai ikapoa.

Na mimi nina la kukwambia ambalo sikukwambia nilipokuwa kwako. Hapa kwetu tukichanganya rangi ya gari la mtu hubakiza kopo dogo la akiba, likichubuka tusihangaike. Rangi ikikaa sana inalala chini, inagandamana. Kwa hiyo kila mwanzo wa mwezi kopo hugeuzwa, kichwa chini, mwezi ujao miguu chini. La kaka lilikuwa rafu ya juu kabisa, nyuma ya mitungi. Tangu atutoke nimekuwa naligeuza. Hakuna gari lililokuwa likisubiri ile rangi, Chura alikuwa amesimama tu uani kwako. Mimi nageuza. Wenzangu waliniona, wakawa wananishikia stuli. Ni watu wazuri.

Juzi tarehe ilifika, nikapanda kwenye stuli, nikalishika, na sikuligeuza. Nimelifungua. Wifi, lilikuwa zima! Laini, halina hata ngozi juu. Nikakoroga, na kile kijani kikapanda kutoka chini kama kimechanganywa leo. Nilisikia kabisa "ongeza, dada, ongeza." Nikamwambia hapana, kimetosha, miaka yote kimetosha.

Nikaitoa baiskeli yangu nje ya duka, nikaisugua, nikaipuliza. Yote, na kikapu, na kengele. Yakabaki matone mawili, nikawapakia wenzangu kucha. Mwenye duka kauliza kama naumwa. Nimemwambia nimepona.

Leo nimeiendesha kuja kazini. Watu wanageuka! Mtoto mmoja barabarani kapiga kelele, "Mama, tazama chura!" na mimi sikumfundisha, naapa. Nimekanyaga pedali nikapita mbio kwa sababu nilikuwa nalia tena na nilikuwa na furaha nisiyoweza kuieleza.

Likizo wakikuachia gari uje nalo huku na wanangu. Ukiingia mjini ukaona mwanamke mzima kwenye baiskeli ya kijani, anaendesha kama kaiba, ni mimi. Piga honi.

Wifi yako